Mjomba wa Swichi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kwa miaka miwili kampuni yetu pale Coimbatore, kusini mwa India, ilihifadhi mambo yake muhimu kuliko yote ndani ya kichwa cha mtu mmoja mwembamba, mwenye masharubu ya baba yake na sauti ya bibi yake. Jina lake Sivanandi. Hakuwa mkuu wa kitu chochote. Meza yake ilikuwa karibu na chujio la maji, na kila aliyekwenda kunywa alimuuliza jambo.

Tulitengeneza programu ya simu ambayo mafundi wa pampu za maji huitumia kuagizia vipuri. Mafundi elfu kumi na moja, kuanzia Pollachi hadi Dindigul. Ndani ya programu hiyo kulikuwa na swichi. Hazikuwa za kubonyezwa ukutani. Kila moja ilikuwa jina tu lenye jibu la ndiyo au hapana. Bei mpya zionekane? Vipuri vilivyokwisha vifichwe? Maandishi yawe ya Kitamil? Ukigeuza jibu hapa ofisini, simu ya fundi kule Udumalpet inabadili tabia saa hiyo hiyo, na yeye hana habari.

Swichi zote zilikaa kwenye mashine moja iliyokuwa pembeni, karibu na mlango wa chumba cha bosi. Mashine zetu nyingine zilikuwa za kukodi, ziko mbali, hatujapata kuziona. Hii moja bosi wetu, Rangaprasad, alitaka iwe karibu. "Mashine ya kukodi haina paji la uso," alikuwa akisema. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya zana, alitaka kuwa na kitu cha kupaka liwa na kuvisha koja la maua.

Tatizo ni kwamba mashine ile ilizishika swichi katika kumbukumbu yake ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Bosi alilijua hilo, akanunua betri tatu na jenereta. Alijikinga na kila kitu isipokuwa ibada yake mwenyewe.

Siku ya zana, kila chombo cha kazi hupumzika. Seremala haigusi randa, dereva huipamba lori yake na kuiegesha, na sisi tulizima kompyuta, tukazipaka liwa na doa jekundu, tukapasua boga jeupe mlangoni, tukala mbisi za mchele na dengu za kukaanga. Mwaka ule wa kwanza bosi aliizima kwa mkono wake mwenyewe ile mashine ya pembeni, kwa heshima kubwa, kama anayemfunika mtoto shuka. Zana ikishaombewa haiguswi hadi kesho yake, katika saa njema inayotajwa na kalenda ya nyota. Usiku kucha simu za mafundi ziliendelea kutumia majibu ya mwisho ziliyopewa. Hapakuwa na shida.

Asubuhi, saa njema ilipofika, bosi akabonyeza. Mashine ikaamka ikiwa tupu. Simu elfu kumi na moja zikaiuliza habari za swichi zao, nayo, kwa kuwa haikuwa na la kusema, ikazijibu zote: hapana.

Maandishi ya Kitamil yakapotea. Vipuri vilivyokwisha vikatokeza tena, mafundi wakaanza kuagiza vitu ambavyo havijatengenezwa tangu kiwanda kilipoungua. Swichi ya kuzuia ujumbe wa majaribio nayo ikawa hapana, na fundi mmoja mmoja, hadi wa mwisho, akapokea salamu iliyoandikwa ofisini kwetu miezi kadhaa kabla: "Jaribio, jaribio, bosi kanuna leo." Hadi leo haijulikani nani aliiandika, na sioni haja ya kulifufua jambo hilo.

Bosi alisimama katikati ya ofisi, liwa bado mbichi kwenye paji lake la uso. "Nani anajua zilikuwaje?"

Kisha kutoka kwenye chujio la maji: "Mimi naweza kujaribu, bosi."

Bibi yake Sivanandi, kule upande wa Usilampatti, alikuwa mwombolezaji. Hakujua kusoma. Alikuwa akiitwa msibani, anapiga kifua na kutaja kwa wimbo kila ndugu wa marehemu hadi vizazi saba, nani kamuoa nani, nani kagombana na nani, bila kukosea hata mmoja, maana ukikosea msibani kunazuka ugomvi mpya. Sivanandi alilelewa miguuni pake. Siku ile alifumba macho, akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile akaanza: "Eee, bei-mpya-zionekane, ndiyo, eee, salamu-za-mavuno, hapana…"

Mimi ndiye niliyechapa. Ilichukua saa nne na nusu. Swichi mia mbili na kumi na mbili. Mhasibu wetu alilia, akasema hajui analilia nini.

Jioni mafundi walikuwa wanaagiza vipuri kama kawaida. Kesho yake bosi akatukusanya, akamvisha Sivanandi shali ya heshima, ya manjano yenye pindo la dhahabu, kama wanavyovishwa waimbaji na wanasiasa. Tukapiga makofi. Kisha bosi akatangaza kwamba tatizo la kuhifadhi swichi limetatuliwa.

Mwaka uliofuata mashine ikaamka tupu tena, Sivanandi akaimba tena, na tangu ile siku ya shali hakupata likizo. Hakukatazwa. Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kukataziwa kitu. Aliandika ombi, ombi likawekwa mezani kwa bosi, na ukiuliza unaambiwa linashughulikiwa. Dada yake Pechiyammal alipojifungua, ombi lilikuwa linashughulikiwa. Mtoto alipopewa jina, Yazhini, lilikuwa linashughulikiwa. Sivanandi alimwona mpwa wake kwenye picha, akikua kwa kurukaruka, kama mtu anayefungua kitabu kurasa kumi kumi.

Mwezi wa sita Pechiyammal akapiga simu. Sivanandi alikuwa mezani anakula idli, vile vitumbua vya mchele vya mvuke, akaiweka simu kwenye spika ili asiichafue.

"Kaka, tarehe imetoka. Tunamnyoa na kumtoboa masikio asubuhi baada ya sikukuu ya zana. Saa moja na nusu hadi saa tatu, kwa mungu wa ukoo."

"Hakuna tarehe nyingine, Pechi?"

"Ipo. Mwakani. Mtoto atakuwa na meno ya kutosha kumng'ata sonara."

"Mimi siku hiyo…"

"Wewe siku hiyo utakuwa umekaa chini, mtoto mapajani. Mjomba ni wewe peke yako. Mama hakuzaa wa akiba. Au nimkalishe mapajani mwa kompyuta yako?"

Sivanandi akacheka, akatazama idli yake, akaacha kucheka. Kwao mtoto hanyolewi wala hatobolewi masikio mahali popote ila kwenye mapaja ya kaka wa mama yake. Kinyozi husubiri, sonara husubiri, mbuzi husubiri. Mjomba asipofika, ukoo mzima hurudi nyumbani na mtoto mwenye nywele, na miaka arobaini baadaye bado utasikia wakiulizana: siku ile mjomba alikuwa wapi?

Akaenda kwa bosi.

"Bosi, ombi langu la siku tatu."

"Liko wapi?"

"Hapo, chini ya kikombe chako."

"Ah. Linashughulikiwa."

"Na nani, bosi?"

Bosi akatikisa kichwa, ule mtikiso wetu usiokuwa wa ndiyo wala wa hapana. "Si umshike kwa video? Siku hizi watu wanachumbiana kwa video."

"Paja langu halipiti kwenye video, bosi."

"Hamna binamu? Mtu wa kukaimu?"

"Mjomba hakaimiwi."

"Basi ndiyo unielewe," bosi akasema kwa upole wa kweli, "maana na wewe hapa hukaimiwi."

Alirudi mezani akakaa muda mrefu akilitazama chujio la maji. Naamini ndipo hapo alipoamua kuzitoa swichi kichwani mwake.

Alitaka swichi ziandikwe kwenye diski, mahali ambapo kulala kwa mashine hakuzifuti. Hilo ni jepesi. Gumu lilikuwa kiolesura, yaani mlango kati ya programu zetu na hifadhi hiyo: maneno ambayo programu zitayatumia kuuliza na kuandika, yale yale siku zote, hata kama nyuma ya mlango tutabadilisha diski kwa kabati au kwa Sivanandi mwingine. Aliyaandika kwenye karatasi moja, upande mmoja. Yalikuwa matano. Jaza. Nipe hii. Nipe zote. Andika hii kama ni mpya kuliko uliyo nayo. Na la tano: Umeshajazwa?

Nimewahi kuona majengo ya watu wakubwa yaliyonigusa kidogo kuliko karatasi ile.

Kampuni ikaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Jambunathan, mkuu wa usanifu wa mifumo, ambaye kwa miaka minane alikuwa amesanifu mifumo ambayo haikuwahi kuwashwa, na kwa hiyo haikuwahi kuharibika. Tulikutana mara kumi na moja. Jambunathan alilitazama neno "Jaza" kwa mikutano miwili. Akapendekeza neno la sita, litakalotabiri swichi ambazo tutazihitaji baadaye. Bosi akaomba la saba, mashine iwe inatoa pongezi. Karatasi moja ikawa kurasa sitini na nne, zenye mchoro wa rangi ambao mishale yake yote iliishia kwenye wingu.

Sivanandi aliitikia kila kitu. Aliyaandika yote kwenye hati na hakulitengeneza hata moja, kwa kuwa alijua hati haitafunguliwa tena na mtu. Lakini kwenye neno la tano alikataa kusogea.

"Hili 'Umeshajazwa?' la nini?" Jambunathan aliuliza.

"Mashine ikiamka kabla haijasoma diski, programu ziiulize kwanza. Ikijibu bado, zibaki na majibu ziliyo nayo."

"Yaani mashine iseme haijui?"

"Ndiyo, kaka. Kutojua siku ile hakukumdhuru mtu. Kilichotuumiza ni kwamba haikujua, ikasema hapana."

Sidhani kama sentensi ya aina hiyo ilikuwa imewahi kutamkwa ndani ya jengo lile. Jambunathan akavua miwani.

"Sivanandi, mteja akituuliza kitu, umewahi kunisikia nikisema sijui?"

"Sijawahi, kaka."

"Bosi je?"

"Hajawahi."

"Mfagiaji wetu?"

"Hata yeye."

"Sasa unataka mashine, tena ile inayopakwa liwa, iwe ya kwanza kusema hivyo?"

Walibishana hadi kahawa ikapoa ndani ya vikombe. Mwisho Jambunathan akaleta suluhu aliyoiona ya hekima: mashine isiseme "sijui". Kwenye kioo chake iandike "Inashughulikiwa". Sivanandi akakubali mara moja. Programu hazisomi kioo, akaniambia baadaye; zenyewe zitajibiwa "bado", wala hazioni haya.

Likabaki jaribio. Sivanandi alikuwa ameijaribu kazi yake kwenye kompyuta yake ndogo mara mia, akiizima na kuiwasha, lakini si kwenye mashine yenyewe. Akamwomba bosi waizime dakika tano tu, siku yoyote ya kawaida.

Bosi akashtuka. "Bila maua? Bila boga? Hiyo huzimwa siku moja kwa mwaka, Sivanandi. Itazimwa siku ya zana, na itawashwa kesho yake kwenye saa njema. Uwepo, nikuone."

"Saa njema ni saa ngapi, bosi?"

Bosi akafungua kalenda ya nyota ukutani. Mimi nilikuwa nimeshaiangalia. Kalenda ilikuwa ile ile iliyoko ukutani kwa Pechiyammal, na anga ni moja. Saa moja na nusu hadi saa tatu.

Sikukuu ikafika. Tukafunga migomba miwili mlangoni, tukatundika majani ya mwembe. Wanawake walivaa hariri, Jambunathan akavaa shati ambalo mkunjo wake wa dukani ulikuwa bado unaonekana. Mashine ya pembeni ikapakwa liwa, ikavishwa koja la asumini. Ndimu zikakanyagwa na magurudumu ya pikipiki zetu, kufukuza husuda. Kisha bosi akaizima, na taa yake ndogo ya kijani ikafifia. Sivanandi aliitazama ikifa kwa macho ya mtu anayemwacha mgonjwa hospitalini.

Tulipokuwa tunagawana mbisi, akaweka karatasi mezani kwa bosi, chini ya kile kikombe, akaokota mkoba wake na kutoka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Unakwenda?"

"Basi la kwetu, linalopitia Palani, linaondoka saa nane."

"Na isipoamka vizuri kesho?"

"Basi nitakuwa sina kazi."

"Unajua itaamka?"

Alisimama, mkono kwenye ukuta. "Sijui," akasema, na nikaona jinsi neno lile lilivyomlegeza mabega.

Karatasi aliyoiacha tuliisoma sote baadaye, na wengine bado wana picha yake. Iliandikwa hivi: "Mheshimiwa, ombi langu la likizo halijajibiwa ndiyo wala hapana, bado linashughulikiwa. Kwa kufuata utaratibu uliopitishwa na kamati, ukurasa wa arobaini na moja, hifadhi ikiwa haijajazwa, mwulizaji atabaki na jibu la mwisho alilopewa. Jibu la mwisho nililopewa ni la miaka mitatu iliyopita, nilipokwenda kuoa. Lilikuwa ndiyo."

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, tulisimama nyuma ya bosi. Alitafuta kwa macho mtu wa chujio la maji, hakumwona, akasukumwa na saa njema, akabonyeza.

Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikabaki cheusi, kisha likatokea neno moja: Inashughulikiwa.

Sikuwahi kuona watu wakipauka kwa pamoja namna ile. Kila mmoja wetu alilijua neno hilo. Kila mmoja alikuwa amelitumia, juzi, jana, kwa mteja, kwa mkewe. Tulijua vizuri kilichoko nyuma yake, yaani hakuna kitu.

"Hakuna anayeshughulikia!" bosi akapiga kelele. "Jambunathan!"

"Inashughulikiwa, bosi," Jambunathan akasema, kisha akasikia alichosema, akajiziba mdomo.

Bosi akapiga simu, spika wazi, nasi tukasikia ngoma, mbuzi, na mtoto akilia kwa hasira yote ya mwaka mmoja na nusu wa maisha yake.

Sehemu ya upande wa pili Sivanandi alinisimulia mwenyewe. Alikuwa ameketi chini, msuli mweupe, kifua wazi, Yazhini mapajani, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Kinyozi alikuwa ameinua wembe akisubiri mtoto atulie. Sonara alikuwa amepiga magoti na uzi wa dhahabu. Pechiyammal ndiye aliyemshikia simu sikioni, kwa uso wa mtu anayeshika nge.

"Sivanandi! Imesema inashughulikiwa!"

"Ngoja imalize, bosi. Inasoma diski."

"Tumekwisha ngoja!"

"Dakika ngapi?"

"Moja!" Bosi alikuwa karibu kulia. "Imba! Nakuomba, imba zote, tutazichapa upya. Imba tu!"

Alinieleza kwamba zilikuja. Zilikuja zenyewe, kwa foleni, pamoja na pumzi ya bibi yake: eee, bei-mpya-zionekane. Kichwa kilizishika zote, hata zile tulizoziongeza mwezi uliopita. Angeweza kuzitaja huku wembe ukipita. Alijua pia kwamba akitaja moja tu, vidole vyetu vitaanza kuandika juu ya diski, mashine haitapata kuonyesha kama inaweza, na mwakani siku kama hii simu itaita tena, na ya mwaka utakaofuata, hadi Yazhini aolewe.

Pechiyammal alikuwa anamtazama. Kinyozi alikuwa anamtazama. Mtoto alikuwa amemshika kidole gumba kwa mkono mzima.

"Sijui, bosi," akasema.

"Hujui ipi?"

"Zote. Sijui hata moja."

Pechiyammal akaikata simu bila kuambiwa, akaitupa kwenye kapu la nazi. "Shusha wembe," akamwambia kinyozi, "mjomba kafika."

Ofisini bosi aliishika simu iliyokatika kama mtu aliyepewa taarifa ya kifo. Hapakuwa na wa kuimba, na zana, kwa siku ile, kuigusa ovyo ni kuitukana. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni, hatukufanya kitu chochote kwa dakika nne. Neno likabaki kwenye kioo. Kisha likaondoka, na swichi zikashuka moja baada ya nyingine, mia mbili na thelathini na moja, kila moja na jibu lake la jana. Nilipiga simu kwa fundi mmoja wa Udumalpet kuuliza kama ameona tofauti yoyote.

"Tofauti gani?" akasema. "Nyie ndio mlioniandikia bosi kanuna?"

Sivanandi alirudi baada ya siku tatu, masharubu yamenyolewa kwa heshima ya mungu wa ukoo, na boksi la vitamu. Bosi hakumfukuza. Hakumsamehe pia, jambo lake linashughulikiwa. Ila hakuna aliyemwuliza kitu alipokuwa akimimina maji, na nilimwona akisimama pale na glasi tupu muda mrefu kidogo kuliko kiu ilivyohitaji.

Kisha akaiona. Ile shali ya manjano yenye pindo la dhahabu, ambayo aliiacha kwenye droo yake kwa miaka miwili, bosi alikuwa ameitoa na kuivisha mashine ya pembeni. Nilidhani ataumia. Alisogea, akaikagua kwa mkono, akainua upande mmoja na kuukunja nyuma vizuri, usizibe tundu la hewa.